Chuo cha Tudor: Majina Matano na Milango Yake

FAHAMU KAUNTI YAKO
Somo la historia kwa wakazi, wanafunzi na wazazi



Ukimwuliza mzee wa Mji wa Kale iliko MIOME, atakuelekeza Tudor. Mtu wa makamo atakwambia "Poli iko Tudor." Kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi atakutajia TUM. Wote watatu wanazungumzia uwanja mmoja, kando ya Barabara ya Tom Mboya. Chuo hicho kimekuwa na majina matano tangu kilipoanza. Jina lilipobadilika, mara nyingi kilibadilika pia kitu kikubwa zaidi: nani anaruhusiwa kuingia, na anatoka na cheti gani.

Kwa sababu hiyo historia ya chuo hiki haiwahusu waliosoma pale peke yao. Inamhusu mzazi ambaye matokeo ya mwanawe yametoka na hajui ampeleke wapi. Inamhusu pia kijana anayedhani gredi ya D imemfungia milango yote.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
1. Kueleza jinsi chuo cha Tudor kilivyoanza na kwa nini kilijengwa Mombasa.
2. Kutaja mabadiliko yake makuu na sababu zake.
3. Kutofautisha mafunzo yaliyo chini ya serikali ya kitaifa na yale yaliyo chini ya serikali ya kaunti.


1. MAHALI PENYEWE

Tudor ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Mvita, upande wa kaskazini wa kisiwa. Mbele yake kuna hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hori hilo linaanza baharini karibu na Fort Jesus, linapita mbele ya bandari ya kale, chini ya Daraja la Nyali, kisha linapanuka nyuma ya kisiwa na kuelekea upande wa Rabai. Huko juu linapokea maji ya mito midogo, ukiwemo Kombeni. Kingo zake zina mikoko, na mikoko hiyo ndiyo mazalia ya samaki na kamba.

Kwa karne nyingi hori hili lilikuwa barabara. Wavuvi walilitumia, na vyombo vilivyobeba nafaka, boriti na chokaa vililitumia. Mwaka 1846 wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao Rabai, bara ya hori hili. Mwaka 1875 mji wa Freretown, uliopewa jina la Sir Bartle Frere, ulianza kupokea watu waliokombolewa utumwani, ng'ambo ya kisiwa. Katika vituo hivyo viwili watu walifundishwa kusoma na kuandika, na pia kazi za mikono.

Lakini mafunzo ya ufundi katika pwani yetu ni ya zamani kuliko shule yoyote ya kizungu. Waunda majahazi, wachonga milango, waashi wa nyumba za mawe na manahodha wote walikuwa na njia yao ya kurithisha ujuzi. Kijana alikabidhiwa kwa fundi akawa mwanagenzi. Alianza kwa kubeba vyombo na kufagia, akaendelea kushika msumeno na tezo, na mwisho akaachiwa kazi yake mwenyewe. Baharia alijifunza kusoma nyota na kujua majira ya kaskazi na kusi akiwa chomboni. Hapakuwa na cheti. Ushahidi wa ujuzi ulikuwa kazi yenyewe na jina la fundi aliyekufunza.


2. BANDARI YAHITAJI MAFUNDI WA AINA NYINGINE

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ulianza hapa Mombasa, na mwaka 1901 reli hiyo ikafika Ziwa Viktoria. Meli kubwa za chuma na mvuke hazikuweza kuitegemea bandari ya kale, iliyokuwa ya majahazi. Kazi ikahamia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, ambako jina lenyewe linatuambia kuwa maji yake ni ya kina. Gati za kwanza za maji marefu zilianza kutumika huko mwaka 1926.

Bandari na reli zilileta kazi mpya: kutengeneza injini, kuweka nyaya za umeme, kukereza vyuma, kuongoza meli za mashine. Ujuzi wa tezo na nyota haukutosha kwa kazi hizo. Nafasi za ufundi na usimamizi zilichukuliwa zaidi na watu walioletwa kutoka nje, na wengi wa wenyeji na wahamiaji kutoka bara wakabaki kuwa wachukuzi na vibarua.

Malipo yalikuwa duni na maisha ya mji yalikuwa ghali. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli na wa majumbani, waligoma kwa pamoja na shughuli za mji zikasimama. Wakati huo huo mazungumzo juu ya chuo cha ufundi cha pwani yalikuwa yakikaribia.


3. SHULE ZILIZOTENGWA

Ili kuelewa kwa nini chuo hicho kilikuwa cha Waislamu, ni lazima tukumbuke jinsi elimu ilivyogawanywa wakati wa ukoloni. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waarabu na shule za Waafrika. Kila kundi lilipewa fedha na walimu kwa kipimo tofauti. Sehemu kubwa ya shule za Waafrika iliendeshwa na misheni za Kikristo.

Wazazi wengi Waislamu wa pwani waliogopa kupeleka watoto katika shule za misheni, wasije wakabadilishwa dini. Waliwapeleka chuoni kwa mwalimu kusoma Kurani. Watoto hao walijua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, lakini mtihani wa serikali ulitaka herufi za Kirumi, Kiingereza na hesabu. Matokeo yake ni kwamba jamii iliyokuwa na maandishi kwa karne nyingi ilihesabiwa ofisini kama jamii isiyosoma.

Wapo viongozi wa dini walioliona tatizo hilo mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Humo aliwahimiza Waislamu wa pwani wasome elimu ya dini na ya dunia pamoja, wasiridhike na kubaki nyuma. Alifariki mwaka 1947, kabla chuo hakijajengwa.

Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, alianzisha Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambayo ilichangia ujenzi wa misikiti na shule katika nchi za eneo hili.


4. JINA LA KWANZA: MIOME

Mwishoni mwa miaka ya 1940 pande kadhaa zilikubaliana kujenga chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki nzima. Fedha zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jumuiya ya Mabohora na serikali ya Uingereza kupitia Waziri wa Makoloni. Gavana wa Kenya wakati huo, Sir Philip Mitchell, alikuwa miongoni mwa waliousukuma mpango huo.

Msomaji anaweza kuuliza: Sultani wa Zanzibar alihusikaje na chuo cha Mombasa? Jibu liko katika historia ya ukanda wetu. Kwa mujibu wa mapatano ya mwaka 1895, ukanda wa maili kumi wa pwani uliendeshwa na Waingereza, lakini kwa jina ulibaki kuwa milki ya Sultani. Bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus. Mpaka Desemba 1963 sehemu hii iliitwa Himaya, na Kenya ya bara iliitwa Koloni. Kwa hiyo Sultani Khalifa bin Harub alipochangia chuo cha Mombasa, alikuwa akiwachangia watu ambao kisheria walikuwa raia wake.

Chuo kikaitwa Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Waislamu. Jina lake la Kiingereza lilifupishwa kuwa MIOME, na watu wa mji wakalitamka hivyo hivyo. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Walitoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, wakalala bwenini na kusoma uhandisi wa mitambo na wa umeme, useremala na ubaharia. Majengo ya awali yalijengwa kwa matao na kuba, kwa mtindo wa majengo ya Kiislamu, na chuo kikawa na msikiti wake.

Tuitazame hatua hiyo kwa pande mbili. Kwa upande mmoja, kwa mara ya kwanza kijana wa Kisauni, wa Lamu au wa Pemba aliweza kujifunza umeme na mitambo bila kuiacha dini yake mlangoni. Kwa upande mwingine, jirani yake asiye Mwislamu, aliyezaliwa kando ya hori lile lile la Tudor, hakuwa na nafasi pale. Chuo kilizaliwa ndani ya mfumo wa utengano na kilibeba alama yake.


5. KIJANA ALIYEKOSA NAFASI MAKERERE

Miongoni mwa vijana waliofanya kazi MIOME miaka ya mwanzo alikuwemo Ali Mazrui, mtoto wa Sheikh Al-Amin. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Alipofanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza shule alipata daraja la tatu. Daraja hilo halikutosha kuingia Chuo cha Makerere, ambacho ndicho kilichokuwa chuo kikuu cha Afrika Mashariki. Akaajiriwa kazi ndogo MIOME.

Siku ya sherehe ya Maulidi chuoni alipewa nafasi ya kuhutubia, na Gavana Mitchell alikuwa miongoni mwa wageni. Hotuba hiyo ilimfungulia njia ya kupata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1960 alipata shahada katika Chuo Kikuu cha Manchester. Baadaye akarudi Afrika Mashariki na kuwa profesa wa sayansi ya siasa huko huko Makerere, chuo kilichokuwa kimemkosesha nafasi. Mwaka 2003 aliteuliwa kuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Alifariki Marekani mwaka 2014 na akazikwa hapa Mombasa, katika makaburi ya Mazrui karibu na Fort Jesus.

Kisa chake hakimaanishi kwamba mtihani hauna maana, wala kwamba kila mwenye daraja la tatu atakuwa profesa. Kinachoonekana ni kwamba kijana aliyekosa mlango mmoja alipata mahali pa kuwa: palikuwa na kazi, palikuwa na watu waliomsikia akizungumza, na palikuwa na mtu wa kumwonyesha hatua ya pili. Vijana wengi wenye uwezo hukosa hayo tu.


6. JINA LA PILI NA LA TATU: MLANGO WAFUNGULIWA KWA WOTE

Oktoba 1963 yalitiwa saini mapatano ya kuuunganisha ukanda wa pwani na Kenya, na tarehe 12 Desemba 1963 nchi nzima ikawa huru chini ya bendera moja. Mwezi huo huo serikali iliunda tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde. Tume hiyo ilipendekeza kwamba shule za rangi na kabila ziishe, na kuwe na mfumo mmoja wa elimu kwa watoto wote wa Kenya.

Katika hali hiyo MIOME haikuweza kubaki ilivyokuwa. Mwaka 1966 ikageuzwa kuwa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa, chuo cha serikali kilichopokea wanafunzi wa dini zote na kabila zote. Msikiti ulibaki, matao na kuba vikabaki, ila karakana zikawa za kila Mkenya.

Inafaa kukumbuka kwamba barabara inayopita chuoni imepewa jina la Tom Mboya. Mwaka 1955, kabla hajawa waziri, Mboya alikuja Mombasa na kusaidia kumaliza mgomo wa wafanyakazi wa bandari kwa mapatano yaliyowaongezea mishahara. Mwanafunzi wa umakanika anayeipita barabara hiyo kila asubuhi anapita katika historia ya wafanyakazi wa mji huu.

Mwaka 1972 chuo kilipandishwa daraja kuwa Chuo Anuwai cha Mombasa, cha pili cha kitaifa baada ya kile cha Nairobi. Hapa ndipo jina la "Poli" lilipoanza. Kwa zaidi ya miaka 30 Poli ilifundisha mafundi wa ngazi ya kati: wale wanaosimama baina ya mhandisi aliyechora mchoro na kibarua anayebeba matofali. Wapimaji wa ardhi, mafundi wa maabara, wasimamizi wa ujenzi, mafundi wa umeme wa viwandani, wahasibu na makatibu walipita pale. Mtu wa Mombasa akisema "nimesoma Poli", mwajiri alijua maana yake.


7. JINA LA NNE NA LA TANO: CHUO KIKUU

Pwani ilikaa muda mrefu bila chuo kikuu chake cha umma. Kijana aliyefaulu alilazimika kwenda Nairobi, Njoro, Eldoret au Maseno, na mzazi akabeba nauli na kodi ya chumba. Hali ilianza kubadilika Agosti 2007. Poli ilifanywa chuo kikuu kishirikishi chini ya JKUAT, chuo ambacho Ali Mazrui, mfanyakazi wa zamani wa MIOME, alikuwa ameteuliwa kuwa Chansela wake. Mwaka huo huo iliyokuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi ilifanywa chuo kikuu kishirikishi cha Pwani, chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alitoa hati za kuwa vyuo vikuu kamili. Chuo cha Tudor kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM. Pwani nayo ikapata hati yake mwezi huo huo. TUM ilifungua pia matawi Kwale na Lamu.

Faida ilikuwa wazi. Shahada ya uhandisi au ya sayansi ya bahari ikapatikana kwa mtoto anayelala nyumbani kwao Tudor, Likoni au Changamwe. Lakini mabadiliko hayo yalizua pia swali zito, ambalo limejadiliwa nchini kote, kwa kuwa Chuo Anuwai cha Kenya, Nairobi, kilifanywa chuo kikuu wakati huo huo. Vyuo vikongwe viwili vya ufundi vikipanda kuwa vyuo vikuu, nani atafundisha fundi wa ngazi ya kati? TUM iliendelea na kozi za cheti na stashahada pamoja na shahada. Hata hivyo chuo kikuu kina majukumu mengine: utafiti, shahada za juu, wahadhiri wenye uzamifu. Karakana za mafundi zinashindana na hayo yote kwa fedha na kwa nafasi.

Nchi haihitaji wahandisi peke yao. Mhandisi mmoja huhitaji mafundi kadhaa wa stashahada, na kila fundi wa stashahada huhitaji mafundi wengi wa mikono. Ngazi ikikosa vipago vya chini, aliye chini hapati pa kukanyaga.


8. VIPAGO VYA NGAZI LEO, NA NANI ANAVISIMAMIA

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inagawa kazi ya elimu hivi:

Serikali ya kitaifa inasimamia shule za msingi na za upili, vyuo vikuu na vyuo vingine vya elimu ya juu. Kwa hiyo TUM, pamoja na Chuo cha Mabaharia cha Bandari kilichoundwa mwaka 2018 kutokana na chuo cha Halmashauri ya Bandari, viko chini ya serikali ya kitaifa.

Serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vituo vya kulea watoto, vituo vya sayansi-kimu na vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo siku hizi vinaitwa vyuo vya mafunzo ya ufundi stadi.

Vyuo hivi vya kaunti vina historia yake. Mwaka 1966, mwaka ule ule MIOME ilipobadilishwa jina, baraza la makanisa la NCCK lilitoa ripoti iliyouliza kijana afanye nini baada ya kumaliza shule ya msingi. Kutokana na ripoti hiyo vikaanzishwa vyuo vidogo vya vijijini vya kufundisha useremala, uashi, ushonaji na umakanika kwa gharama ndogo. Serikali ilivichukua baadaye, na ugatuzi ukavileta kwa kaunti.

Kwa jumla, vipago vimepangwa hivi:

- Shahada: gredi ya C+ au zaidi katika KCSE.
- Stashahada: C- au zaidi.
- Cheti cha ufundi: D au zaidi.
- Ufundi wa msingi: gredi yoyote, hata E.
- Chuo cha ufundi stadi cha kaunti: hata asiye na KCSE anaweza kuanza.

Kila kozi ina masharti yake ya ziada kuhusu masomo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Aliyeanza chini anaruhusiwa kupanda: mwenye ufundi wa msingi huendelea hadi cheti, mwenye cheti hadi stashahada, na mwenye stashahada anaweza kuomba shahada.

Vilevile wapo mafundi waliojifunza kazini, kama wanagenzi wa zamani: makanika wa kando ya barabara, mchomeleaji wa karakana ya mtaani, fundi wa mabomba aliyefunzwa na mjomba wake. Hawa wanaweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, kuanzia Daraja la III hadi la I, wakapata cheti kinachotambuliwa na mwajiri. Ujuzi wa mkono si lazima uanzie darasani.


9. MKAZI AFANYE NINI?

Kwanza, thibitisha usajili. Chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013, chuo chochote cha ufundi, cha umma au cha binafsi, ni lazima kisajiliwe na TVETA. Omba kuonyeshwa cheti cha usajili, na hakikisha kozi unayoitaka ni miongoni mwa zile zilizoidhinishwa. Mzazi anayelipa karo bila kuuliza anaweza kupata cheti kisichokubalika popote.

Pili, uliza swali kwa mwenye jukumu. Ukitaka kujua habari za nafasi chuo kikuu, uliza idara ya uajili ya chuo husika au KUCCPS. Ukitaka kujua kwa nini chuo cha ufundi cha wadi yako hakina mashine za kutosha au mwalimu wa umeme, swali hilo ni letu sisi wa kaunti. Lilete katika vikao vya ushirikishaji wa umma, wakati wa kupanga bajeti na wakati wa kutayarisha Mpango wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano. Ni haki yako kwa mujibu wa Katiba, na maoni yaliyoandikwa ni lazima yapokelewe.

Tatu, lilinde hori. Chuo na mitaa inayokizunguka vinatumia maji yale yale. Mikoko ya Tudor imeumizwa na ukataji, na majitaka, na matope yaliyoletwa na mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Somo la bahari halifundishiki vizuri kando ya bahari iliyokufa.


KUMBUKUMBU YA MIAKA

1945: Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki yaanzishwa.
1947: Mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Mombasa.
1951: MIOME yapokea wanafunzi wa kwanza.
1963: Ukanda wa pwani waunganishwa na Kenya, nchi yapata uhuru.
1966: Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa, kwa wanafunzi wote.
1972: Chuo Anuwai cha Mombasa.
2007: Chuo kikuu kishirikishi cha JKUAT.
2010: Katiba mpya yakabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa kaunti.
2013: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.


MASWALI YA MJADALA
(Yanafaa darasani, barazani na nyumbani)

1. Kwa nini wazazi wengi Waislamu hawakuzitaka shule za misheni? Je, leo kuna sababu nyingine zinazowafanya wazazi wa mtaa wako wasipeleke watoto katika vyuo vya ufundi?
2. Chuo cha mwaka 1951 kiliwafungulia wengine na kuwafungia wengine. Taja mlango mmoja uliofunguka mwaka 1966 na mmoja uliofunguka mwaka 2013. Je, kuna uliojibana?
3. Mtafute fundi mmoja mtaani ambaye hakusoma chuoni. Mwulize alifunzwa na nani, kwa muda gani, na kama ana cheti. Ni daraja gani la majaribio ya NITA lingemfaa?
4. Kiko wapi chuo cha ufundi stadi cha kaunti kilicho karibu nawe? Kinafundisha kozi gani, na ni kozi ipi mngependa iongezwe? Andikeni jibu lenu na mlilete katika kikao kijacho cha ushirikishaji wa umma katika wadi yenu.